Ukurasa wa Kumi na Mbili

Familia ikihama Bujumbura kwenda kuishi nchi nyingine, na ina mtoto anayesoma kwa Kifaransa, mtu fulani atawaambia waende Quartier Asiatique, kwenye duka la Khadidja, wamuulizie Consolate. Duka lenyewe ni la fotokopi na kuchapa barua. Mlangoni pana mashine mbili, ndani pana kompyuta moja, na kwenye kona, chini ya kalenda ya mwaka jana, pana meza ndogo ambayo si ya Khadidja. Hapo ndipo anapokaa Consolate Ntahombaye tangu alipostaafu.

Alikuwa karani wa shule kwa zaidi ya miaka thelathini. Aliandika alama za watoto kwa mkono, kisha kwa taipu, kisha kwa kompyuta, na miaka yote hiyo aliwaona watoto wakiondoka. Wako walioondoka na wazazi wao bila kuaga, majina yao yakabaki kwenye daftari na mistari mitupu mbele yake. Wako walioondoka kwa ndege, baba amepata kazi Addis au Lomé, mama amepata masomo Brussels. Wazazi wa hao wa ndege ndio waliompa kazi yake ya uzeeni. Walikuja kumwuliza, huko tunakokwenda, mtoto aingie shule gani?

Consolate hajawahi kupanda ndege. Miji ile anaijua kwa makarani wake. Anajua ni mji gani karani hujibu siku ile ile, na ni mji gani lazima umwandikie mara tatu, ya tatu ukimsalimia watoto wake. Anajua shule ipi ina bustani kwenye picha na haina mwalimu wa hesabu. Wazazi wakiingia dukani na karatasi za rangi, wakisifu bwawa la kuogelea, yeye huwasikiliza mpaka wamalize, kisha huwauliza kitu kimoja: mkiondoka na huko pia, nani atazipokea karatasi za shule hii? Kwake yeye shule huchaguliwa kwa siku ya kutoka, si kwa siku ya kuingia.

Halafu humgeukia mtoto. Huwa na swali moja kwa kila mtoto: usipomwelewa mwalimu, unafanya nini? Mmoja atasema ninauliza. Mwingine atasema ninamtazama jirani. Wa namna ya pili humtafutia shule yenye madarasa madogo, hata kama wazazi wanataka yenye jina kubwa.

Faili lake lina kurasa kumi na mbili. Kumi na moja ni zile ambazo kila shule inazitaka: cheti cha kuzaliwa, ripoti za miaka miwili, kadi ya chanjo, nakala za pasipoti, na nyinginezo. Ukurasa wa kumi na mbili hakuna shule inayouomba. Ni barua anayoiandika mwenyewe, na yeye na Khadidja huiita barua ya majina.

Maana kwetu kila mtoto huzaliwa na jina lake. Baba ana lake, mama ana lake, na mtoto hupewa la kwake, linalosema habari za siku aliyozaliwa, au shukrani ya nyumba, au ugomvi wa jirani. Ndugu watano wanaweza kuwa na majina matano. Hapa nyumbani hakuna anayeshangaa. Lakini karani wa mbali hufungua faili, huona pasipoti tatu zenye majina matatu yasiyofanana, na hasomi tena. Huuliza mtoto huyu ni wa nani. Huomba hati ya mahakama.

Hilo Consolate alijifunza kwa Trésor, mvulana wa familia ya kwanza kabisa aliyoisaidia. Faili lake lilirudishwa kwa sababu hiyo. Hati ya mahakama ilichukua miezi, nafasi ikapewa mtoto mwingine, na Trésor akakaa mwaka mzima kwenye nyumba ya ghorofani katika mji wa kigeni, akihesabu magari dirishani. Mama yake aliandika kueleza hayo, bila kulaumu. Tangu barua hiyo, hakuna faili lililotoka kwenye ile meza bila ukurasa wa kumi na mbili.

Mwezi wa tano mwaka huu, Valéry Bizoza alipata kazi Dakar. Valéry ni mkwe wa Consolate, mume wa binti yake pekee, Joëlla Nimubona. Wote wawili walikuwa wakifanya kazi Gitega na kuja Bujumbura mwisho wa juma. Binti yao, Mathilde Kaneza, mwenye miaka minane, alilelewa Carama, pembezoni mwa Bujumbura, kwa bibi yake tangu akiwa na miaka miwili. Jina la Mathilde lilikuwa la mama yake Consolate. Jina la Kaneza alilitoa Consolate mwenyewe, pale hospitalini, Joëlla akiwa bado amelala na Valéry akiwa njiani.

Nyumba ya Carama ni ya vyumba viwili, na nyuma yake mahindi ya jirani yanaanzia pale ukuta unapoishia. Marehemu mume wa Consolate aliijenga kidogo kidogo, akafariki kabla ya kupiga plasta upande wa nyuma. Humo Kaneza alijifunza kusoma, kwa kufuata kidole cha bibi yake juu ya karatasi za watoto wa watu. Alijua kupanga faili. Alijua cheti cha kuzaliwa kinatangulia na chanjo inafuata. Jioni alikaa upande wake wa meza akauliza, huyu anakwenda wapi? Consolate akamwambia. Mtoto akarudia jina la mji mara mbili, kama anaonja kitu, kisha akaendelea na hesabu zake.

Joëlla alikuja Carama Jumapili moja baada ya misa, na majina ya shule mbili za Dakar. Shule ya kwanza ilikuwa kando ya bahari, ilianza mwezi wa tisa, na ilikuwa na nafasi moja tu iliyobaki katika darasa la Kaneza. Ya pili ilikuwa karibu na nyumba watakayokaa, lakini haikuwa na nafasi mpaka mwaka unaofuata.

Joëlla alisema hawezi kuchagua, macho yake yamechoka na mambo ya kuhama. Akasema mama ndiye anayejua kazi hii. Kisha akasema neno ambalo alidhani ni la kumfariji.

“Ukichagua hii ya pili, si vibaya, Mama. Kaneza atabaki na wewe mwaka mmoja, tutamchukua kiisha.”

Consolate alivaa miwani. Kaneza alikuwa nje, akiwaonyesha watoto wa jirani namna ya kuruka kamba kwa mguu mmoja, na sauti ya kamba ilisikika ikipiga chini. Mwaka mmoja. Alizijua shule zote mbili. Ya kwanza ilimfikisha mtoto hadi mtihani wa mwisho wa sekondari, na karatasi zake zilipokelewa kokote. Ya pili iliishia darasa la mwisho la msingi, na katika miaka mitatu ilikuwa imebadilisha mkuu mara tatu. Alijua kwa sababu kila barua ilikuja na sahihi mpya.

Angeweza kusema zinalingana. Joëlla asingejua. Lakini alikuwa amewaambia watu ukweli juu ya shule kwa muda mrefu mno, na mdomo ukafuata njia uliyoizoea.

“Ya kwanza,” akasema. “Ile ingine, apana.”

Joëlla akamshika mkono, akamshukuru, akaondoka kabla mvua haijaanza.

Jumanne Consolate alipeleka faili dukani ili Khadidja alipige skani. Alifika mapema. Khadidja alikuwa akimhudumia fundi mmoja aliyetaka nakala za leseni ya pikipiki, wakibishana kwa sababu picha ya leseni ilikuwa ya kijana na fundi alikuwa na mvi. Khadidja alimwambia mashine yake inatoa nakala tu, hairudishi ujana. Consolate alikaa kwenye meza yake, akapanga kurasa kama siku zote. Alipofika wa kumi na mbili, aliusoma. Ilikuwa barua ile ile aliyoandika kwa watoto wote, ameweka tu majina mapya: *mtoto huyu, Kaneza, ni binti wa Bizoza na Nimubona.* Aliikunja mara mbili. Akaitia kwenye mkoba, chini ya kitambaa cha kichwa.

Katika kuchagua shule hakudanganya, na hilo lilimtosha. Alimpa Khadidja kurasa kumi na moja. Khadidja akazipitisha kwenye mashine moja moja, akamtazama, akazirudisha, akauliza kama atakunywa chai. Consolate akasema atakunywa.

Siku saba zilipita. Siku hizo alikuwa mwepesi, na wepesi huo ulimtisha. Alinunua kitambaa cha sare ya shule ya hapa, ya mwaka ujao, akakificha chini ya godoro kama mtu aliyeiba. Alimsuka Kaneza nywele polepole, akafumua mstari mmoja na kuusuka upya ili kazi isiishe. Kaneza aliuliza kama Dakar kuna mtu anayejua kusuka. Consolate akasema hajui.

Siku ya nane, Jumatano mchana, simu ya Joëlla ilikuja, Consolate akiwa amekaa na Kaneza barazani wakichambua mboga ya lengalenga. Mikono ilikuwa na majani, kwa hiyo Kaneza aliweka simu kwenye spika.

Joëlla alikuwa akiongea haraka. Shule ilikuwa imeandika. Walisema mtoto hana jina la baba wala la mama. Walitaka hati ya mahakama ithibitishe kwamba ni wao, au maelezo yanayoridhisha, kabla ya Ijumaa saa sita, la sivyo nafasi itapewa anayefuata. Valéry alikuwa amekasirika, anasema hao ni watu gani. Joëlla hakukasirika. Alikuwa anatafuta kosa lilipo, na hakulitafuta kwa mama yake.

“Kila kitu umekipanga weye, sijui wanakosa nini,” alisema. “Mama, kama haiwezekani, sema tu. Atabaki na wewe. Hata yeye atafurahi.”

Consolate alisema atatazama. Simu ikakatika.

Njia ya kubaki na Kaneza ilikuwa imewekwa mbele yake kama mboga, imeoshwa, imekatwa, bado kuchukua tu. Neno moja, haiwezekani, na hakuna ambaye angemlaumu, kwa sababu kila mtu alijua kwamba Consolate akisema haiwezekani, basi haiwezekani. Aliendelea kuchambua. Majani mazuri huku, mabua kule. Ilichukua muda kabla hajaona kwamba mikono ya Kaneza imesimama.

“Bibi. Wanasema mi si mutoto wa Mama?”

“Hawajui, mwanangu. Wako mbali.”

“Lakini nani aliwaambia vile?”

Consolate akafungua mdomo. Alikuwa amejibu maswali ya wazazi, ya wakaguzi wa elimu, ya wanajeshi waliowahi kuingia ofisini kutafuta jina katika daftari. Safari hii aliokota bua lililoanguka, akaliweka kule kwa mengine. Kaneza aliangalia vidole vyake vilivyokuwa na rangi ya majani, akavipangusa kwenye sketi, jambo alilokatazwa. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, kama mtu anayetaka kujua bei tu, kama jina lake lina makosa, na kama wanaweza kumpa la baba ili wamwamini.

Jina alilolitoa mwenyewe, mtoto akiwa na dakika chache duniani, akiwa mwekundu na mwenye hasira. Lilikuwa jina la kusema, kidogo hiki ni chema. Sasa mtoto alikuwa tayari kulivua kama kiatu cha kuazima.

“Jina lako halina kosa,” Consolate akasema. “Kosa ni la karatasi. Nitaisahihisha kesho.”

Alhamisi asubuhi alikuwa mlangoni kabla Khadidja hajafungua. Yeye na Khadidja walizaliwa mtaa wa Buyenzi, nyumba ya tatu kutoka kwa mwenzake, mmoja akienda kanisani na mwenzake madrasa, wakirudi kucheza kwenye mtaro mmoja. Hawakuwa na haja ya salamu ndefu. Consolate alitoa barua kwenye mkoba. Mikunjo ilikuwa imeshika. Alisema anataka ipigwe skani, iende Dakar leo.

Khadidja aliinyoosha juu ya kioo cha mashine kwa kiganja, kama anayelainisha kanga. Hakubonyeza.

“Mi niliona, Mama Joëlla,” akasema. “Siku zote iko kumi na mbili. Ile Jumanne ilikuwa kumi na moja.”

“Uliona, na ukanyamaza.”

“Nilisema mutoto ni wako. Nani atakufundisha juu ya mutoto wako?” Akabonyeza, mwanga ukapita chini ya karatasi. “Na mi pia nilipenda abaki. Anapanga karatasi zangu kuliko yule mpwa wangu mvivu.”

Consolate alitaka kucheka, akashindwa katikati. Aliomba barua isiende hivyo, aongeze kitu. Akakaa kwenye kompyuta, akaandika Kifaransa chake cha ofisi, kilichonyooka. Aliandika kwamba yeye, aliyetia sahihi hapa chini, ni mama wa Nimubona na bibi wa Kaneza, na kwamba yeye naye hana jina linalofanana na la yeyote kati yao. Kwamba alikuwepo mtoto alipozaliwa. Kwamba katika nchi yake watu hujuana kuwa ni wa nyumba moja bila jina la nyumba. Alisita hapo, akitazama alama inayowaka na kuzimika kwenye kioo. Kisha akaongeza sentensi ambayo karani hakuihitaji: kwamba ukurasa huu ulikosekana kwa kosa lake peke yake, na wazazi hawahusiki.

Jibu lilikuja Ijumaa saa tatu. Lilikuwa na mistari miwili. Nafasi imethibitishwa. Karani wa Dakar alikuwa wa wale wanaojibu haraka. Consolate aliandika hilo kwenye kumbukumbu zake.

Jioni alimpigia Joëlla. Joëlla alishukuru mara nyingi, kisha akauliza kilikuwa kimekosekana nini. Consolate akasema ilikuwa barua ya majina. Ilibaki kwenye mkoba wake.

Ng'ombe wa mtu walipita njiani, kengele zao zikasikika kwenye simu mpaka Gitega.

“We, Mama,” Joëlla akasema mwishowe, polepole. “Hujawahi kusahau karatasi.”

“Sikusahau.”

Joëlla alisema tu kwamba watakuja siku ya Jumamosi badala ya Jumapili, na watalala.

Waliondoka mwishoni mwa mwezi wa saba. Kwenye uwanja wa ndege Kaneza alibeba faili mwenyewe, kurasa kumi na mbili ndani ya mfuko wa plastiki, na alipofika kwa askari wa pasipoti alimweleza, kabla hajaulizwa, kwamba huyu ni Baba, huyu ni Mama, na majina hayafanani kwa sababu ni Warundi. Askari, ambaye naye alikuwa Mrundi, akamwambia kwa uso mkavu kwamba alikuwa ameshaanza kuhisi hivyo. Watu wakacheka. Consolate aliyaona hayo kupitia kioo, bila kusikia, akaelezwa na Joëlla kwa ujumbe baadaye. Alipogeuka, Khadidja alikuwa amesimama nyuma yake na funguo za gari la kaka yake. Wakarudi pamoja mpaka Quartier Asiatique.

Kitambaa cha sare alimpa mtoto wa jirani.

Mwezi wa tisa ilikuja familia iliyokuwa ikienda Montréal, mke na mume kutoka mtaa wa Kigobe na watoto watatu. Consolate alipanga faili zao, na Khadidja alipozipokea aliona barua ya majina iko juu, ukurasa wa kwanza, kabla hata ya cheti cha kuzaliwa. Akauliza kwa nini amebadilisha, baada ya miaka yote hii.

“Ikiwa ya mwisho, inabaki kwangu,” Consolate akasema.

Jumapili ndiyo siku ya simu. Huketi barazani, upande wa nyuma wenye mtandao, amevaa nguo za misa bado. Jumapili ya pili ya shule Kaneza alikuwa na habari nyingi na muda mfupi. Chakula kina samaki kila siku. Kuna msichana anayejua kusuka, lakini anavuta nywele. Mwalimu aliwaambia kila mtoto aeleze jina lake lilitoka wapi.

“Nikasema alinipa Bibi. Akauliza, bibi yako anaitwa nani? Nikasema Ntahombaye. Wakashindwa kulisema, wote, hata mwalimu. Nikaenda kuliandika ubaoni.”

“Uliandika vizuri?”

“Vizuri. Kubwa.”

Kisha sauti ilianza kukatika, ikawa vipande, ikaondoka. Consolate alishika simu sikioni kwa muda, labda itarudi. Mahindi ya jirani yalikuwa yameshavunwa, na sasa kutoka barazani aliweza kuona mbali, mpaka barabara ya Kinama, na kila aliyepita huko alikuwa mtu wa nyumba nyingine. Alilifikiria jina lake, limeandikwa kwa chaki na mkono anaoujua, mbele ya watoto asiowajua, katika mji ambao hatafika. Bila shaka walilifuta siku ile ile, somo lingine lilipoanza.

Akaingia ndani, akavua nguo za misa, akazikunja.